Maswali ya Wasomaji: Kujitolea Katika Kijiji cha Bukini

Tangu nilipodokeza katika toleo lililopita kwamba niliwahi kuishi Madagaska nikijitolea katika kazi za afya, kuanzia Septemba 2017 hadi katikati ya 2019, barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua sita. Wazee wetu wa pwani walikiita kisiwa hicho Bukini, na nitalitumia jina hilo kila litakaponijia, kwa kuwa ndivyo bibi yangu alivyokiita. Kijiji chenyewe sitakitaja, kwa sababu wenyeji hawakuniomba niwaandike. Itoshe kujua kwamba kiko pwani ya mashariki, katika mkoa wa Analanjirofo, kaskazini ya mji wa Soanierana Ivongo, pale lami inapokwisha na safari inapoanza kuhesabiwa kwa vivuko.

*Shikamoo mama. Nimemaliza stashahada ya uuguzi na nimekubaliwa kwenda Madagaska kwa mwaka mmoja kutoa elimu ya afya kijijini. Karatasi nilizopewa zimejaa malengo, lakini hazisemi mtu anaamka saa ngapi na anafanya nini. Naomba unieleze siku ya kawaida inavyokwenda. — Muuguzi kijana, Muheza*

Marahaba mwanangu. Utaamka saa kumi na moja alfajiri, utake usitake, kwa sababu Wabetsimisaraka, ambao ndio wenyeji wa pwani ile, hutwanga mpunga wa siku hiyo siku hiyohiyo, na kinu cha jirani kiko hatua chache kutoka kichwani pako. Nyumba huinuliwa juu ya nguzo fupi, kuta zake hufumwa kwa vikonyo vya mti wa ravinala vinavyoitwa falafa, na paa huezekwa kwa majani ya mti huohuo, kwa hiyo hakuna sauti inayozuiwa na ukuta. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikijua ni mtoto wa nyumba ipi aliyekohoa usiku kucha kabla mama yake hajanieleza.

Chakula cha asubuhi ni wali, cha mchana ni wali na cha jioni ni wali, na kitoweo, ambacho wao hukiita laoka, kinaweza kuwa kidogo sana kando ya kilima cha wali. Baada ya kula, ukoko unaobaki ndani ya sufuria, ambao kwetu watoto hugombania, humwagiwa maji na kuchemshwa hadi yageuke rangi ya chai nyepesi. Kinywaji hicho huitwa ranovola na hunywewa kila baada ya mlo. Nilikuwa nimefundishwa kwenda kuhubiri maji ya kuchemsha, kumbe sufuria ya wali ilikwisha kunitangulia kwa vizazi vingi. Tatizo lilikuwa maji ya katikati ya milo, yale ambayo mtoto huyateka mtoni kwa kiganja anapokwenda shambani na wazazi wake, na ilinichukua miezi mitatu kuligundua hilo kwa sababu nilikuwa nikisema zaidi kuliko nilivyokuwa nikitazama.

Siku mbili kwa juma nilikwenda kwenye zahanati, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu pamoja na kuvuka mto kwa mtumbwi. Zahanati zao huitwa CSB. Ile ya daraja la pili huongozwa na daktari na ile ya daraja la kwanza huendeshwa na muuguzi au mkunga. Ya kwetu ilikuwa ya daraja la kwanza, na mkunga wake, ambaye watu humwita rasazy, ndiye aliyekuwa mwajiri wangu wa kweli, hata kama mkataba ulisema vingine. Nilipima watoto uzito, nilijaza kadi zao, nilizungumza na akina mama waliosubiri, na nilifagia. Sikudunga sindano hata moja, kwa sababu masharti yangu yalinikataza tiba, na hapo ndipo patakapokuuma wewe kama palivyoniuma mimi. Kijiji kizima kitakuita dokotera, utaletewa mtoto mwenye homa saa nne usiku, mikono yako itajua la kufanya, na ruhusa hutakuwa nayo. Mpeleke kwa mhudumu wa afya wa jamii, ambaye anacho kipimo cha haraka cha malaria, dawa mseto na chumvichumvi za kutibu kuharisha, na umulike njia kwa tochi wakati yeye anafanya kazi yake. Ukivunja sharti hilo mara moja tu, hakuna atakayemwendea tena yule mhudumu, na wewe utaondoka baada ya mwaka.

Siku zilizobaki nilitembea na wahudumu hao wawili, mwanamke na mwanamume, kutoka kitongoji kimoja hadi kingine. Hawalipwi mshahara. Tulipima mikono ya watoto kwa utepe wenye rangi, na mtoto ambaye mkono wake haukufika sentimita 11.5 alikuwa amekwisha kuingia kwenye nyekundu, ikabidi afikishwe zahanati. Jambo utakalojifunza haraka ni kuwa kijiji kinaweza kuwa kitupu kwa majuma kadhaa, kwa maana familia huhamia kwenye mashamba ya mpunga ya mlimani, yale ya kufyeka na kuchoma yanayoitwa tavy, ili kupalilia na kufukuza ndege. Watoto waliokosa chanjo wako huko. Nilipanga mikutano yangu ya mwanzo Jumatano, siku iliyonifaa mimi, wakaja watu saba kwa adabu tu. Kisha rasazy akaniuliza kwa nini sikuchagua Jumanne, ambayo katika koo nyingi za pale ni mwiko kulima. Nikahamisha kila kitu Jumanne, na kwa mara ya kwanza mizani ikapata foleni. Lakini usiichukue Jumanne yangu ukaipeleka kijiji kingine, kwa sababu siku ya mwiko hutofautiana kwa koo na mahali, na ni lazima umuulize mzee wa pale.

Kuanzia Oktoba hadi Desemba usipange chochote, kwa kuwa ni msimu wa karafuu. Jina la mkoa wenyewe, Analanjirofo, maana yake ni kwenye msitu wa mikarafuu. Mama yangu alizaliwa Wete, na kuchambua karafuu nilikujua kabla sijajua kusoma. Nilipoketi jamvini na kuzitenga na vikonyo vyake kwa kasi ya Kipemba, wanawake waliokuwa wamenistahi kwa miezi miwili walicheka hadi machozi, na jioni hiyohiyo nikaulizwa maswali juu ya uzazi wa mpango ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza mbele ya mabango yangu. Mabango hayo, kusema kweli, yaliishia kufungia samaki wakavu.

Giza huingia mapema, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na nguo hazikauki. Chukua taa ya sola na redio.

*Bi. Muuguzi, je, ni kweli kwamba lugha ya Bukini ni ndugu wa Kiswahili, na kwamba mtu wa pwani anaweza kuishi huko kwa Kiswahili na Kifaransa kidogo? — Msomaji, Likoni, Mombasa*

Si kweli, ingawa naelewa ilikotoka dhana hiyo. Siku ya kwanza nilimsikia mgeni akiita mlangoni “Haody!”, moyo ukaruka kwa furaha, nikaitikia “Karibu!” kwa sauti ya nyumbani, na yule mgeni akabaki nje akinitazama, maana pale jibu la hodi ni “Mandroso”. Nimeutumia mfano huo mara nyingi kwa sababu ndivyo ujirani wetu na Wamalagasi ulivyo: mlango unaufahamu, lakini nyumba huijui.

Kimalagasi ni lugha ya ukoo wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Mtaalamu wa Norwe, Otto Christian Dahl, alionyesha mwaka 1951 kwamba ndugu yake wa karibu kabisa ni Kima'anyan, kinachosemwa Borneo, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Walipofika kisiwani, wazee wa Wamalagasi walichanganyika na watu wa bara letu, na maneno ya mifugo yanautangaza mchanganyiko huo: ng'ombe ni omby, kuku ni akoho, mbwa ni amboa, kanga ni akanga, punda ni ampondra. Pwani ya magharibi wako Wamakoa, ambao ni wazao wa watu waliovushwa mlango wa Msumbiji kwa nguvu wakati wa biashara ya watumwa, na msomaji wa Masasi hatahitaji kuelezwa jina hilo limetoka wapi. Hata hivyo, maneno ya zizini hayatoshi kumuuliza mama kama mtoto wake anaharisha damu.

Kifaransa kitakusaidia mjini na kwenye daftari za zahanati. Kijijini jifunze Kimalagasi, na ujue kwamba kile cha vitabuni, ambacho msingi wake ni lahaja ya nyanda za juu, utafika nacho pwani watu wakakusikiliza kama tunavyomsikiliza mtu anayezungumza kwa lugha ya taarifa ya habari. Jifunze salamu kwanza. Wao huuliza “Ino vaovao?”, yaani kuna habari gani, na jibu ni kwamba hakuna habari, hata kama ndani ya nyumba kuna mgonjwa mahututi. Sisi wenyewe husema “nzuri” tukiwa njiani kwenda msibani, kwa hiyo tusiwashangae. Kikazi maana yake ni hii: usiulize juu ya mtoto katika duru ya kwanza ya salamu, bali ngoja duru ya pili, baada ya kukaa.

Kuna mitego miwili ya hesabu ambayo haimo katika vitabu vya lugha. Namba husomwa kuanzia mamoja, ishirini na tano ikawa tano juu ya ishirini, “dimy amby roapolo”, na ukiandika vipimo huku ukisikiliza kwa masikio ya Kiswahili utapindua tarakimu. Pia saa zao huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo “fito ora” ya asubuhi, ambayo kwa maneno ni saa saba, ndiyo saa moja yetu. Mimi nilikaa kwenye gati nikisubiri kivuko kilichokuwa kimeondoka tangu alfajiri.

*Binti yangu anakwenda kujitolea katika nyanda za juu, si mbali na Antananarivo. Sisi watu wa Lushoto tunaijua tauni, na tumesikia kwamba huko ipo. Je, nimruhusu? — Mzazi, Lushoto*

Mzazi mwenzangu, tauni ipo, na sitakuficha kwamba niliwasili katika wakati wake mbaya. Agosti 2017 abiria mmoja wa teksi ya safari ndefu kutoka nyanda za juu alifariki akiwa njiani kuelekea Toamasina, na ugonjwa, safari hii wa namna inayoshambulia mapafu na kuambukizwa kwa hewa, ukaenea mijini. Hadi Novemba walikuwa wamehesabiwa wagonjwa zaidi ya 2,400, wa uhakika na wa kushukiwa, na vifo zaidi ya 200. Shule zilifungwa na mikutano ya hadhara ilipigwa marufuku katika mji mkuu. Mwaka ule haukuwa wa kawaida. Katika miaka mingi tauni hubaki ile mnayoijua tangu ilipowatokea mwaka 1980, ya viroboto wa panya na uvimbe wa mitoki, hujitokeza zaidi kati ya Septemba na Aprili katika sehemu za miinuko, na hutibika kwa viuavijasumu ikiwahiwa. Binti yako asilale sakafuni, chakula kihifadhiwe mbali na panya, na homa yoyote yenye mtoki au kikohozi chenye damu isingoje kesho.

Huenda akaalikwa kwenye famadihana, sherehe ya kuwatoa marehemu makaburini, kuwavika sanda mpya na kucheza nao, ambayo hufanywa katika miezi ya baridi na ukavu, kuanzia Juni hadi Septemba. Aende, apeleke bahasha yake kama sisi tunavyotoa mchango wa harusi, na aache nyumbani uso wa kushangaa. Waliokufa kwa tauni hawaruhusiwi kuzikwa katika makaburi ya ukoo yanayoweza kufunguliwa, na katazo hilo huwaumiza watu kuliko ugonjwa wenyewe. Ndiyo sababu familia nyingine huficha chanzo cha kifo, na ndiyo sababu mfanyakazi wa afya anayewadharau wafu wao hataambiwa ukweli juu ya walio hai.

Malaria ni ndogo huko juu, lakini akishuka pwani ataikuta mwaka mzima, na asidhani kuwa kukulia Tanzania kutamkinga, kwa maana kinga hiyo hupungua mtu akikaa mbali na mbu. Nyama ya nguruwe ailiwe ikiwa imeiva kabisa, kwa sababu minyoo tegu ni tatizo la kweli kisiwani. Kichocho kipo. Na asisafiri usiku. Kama hayo anayaweza, mruhusu.

*Ninasomea afya ya jamii hapa Minneapolis. Darasani tunafundishwa kwamba watu wakieleweshwa faida ya choo watajenga. Umeandika kwamba kijiji chako kilikataa vyoo. Je, hawakueleweshwa? — Mwanafunzi*

Walielewa vizuri sana, mwanangu, na aliyekuwa haelewi ni mimi. Katika sehemu nyingi za Madagaska ardhi ni makao ya wazee waliotangulia, na kuchimba shimo kisha kulijaza uchafu chini ya ardhi ni kuwamwagia wao. Hiyo ni fady, neno ambalo tafsiri yake ya karibu kwetu ni mwiko, na si mwiko wa kutishia watoto, bali sheria ambayo adhabu yake huweza kumpata mtu mwingine wa ukoo ambaye hakufanya kosa. Zipo pia fady za kuchangia choo: mkwe na mkwe, kaka na dada waliokwisha kuwa watu wazima, hawawezi kutumia shimo moja. Fikiria sasa mtaalamu anafika na ramani ya choo kimoja kwa nyumba nne.

Nilitumia miezi miwili nikieleza njia ya kinyesi kutoka mkononi hadi mdomoni, na watu wakaitikia kwa vichwa. Mwishowe yule mhudumu mwanamke, ambaye alikuwa akinivumilia, alinishauri niache kuzungumza na akina mama, niende kwa tangalamena, mzee wa ukoo mwenye dhamana ya kuzungumza na waliotangulia. Nilipeleka chupa ya ramu, ingawa mimi situmii kileo, kwa kuwa hiyo ndiyo hodi ya mahali pale. Mzee hakuniuliza swali hata moja juu ya vimelea. Aliuliza makaburi yako upande gani wa mahali ninapotaka kuchimba, maji ya mvua hutiririkia wapi, na nani atakayetumia. Baada ya juma mbili alinionyesha mahali: bondeni, upande wa pili wa kijito, mbali na makaburi na chini kuliko visima, pahali ambapo mhandisi yeyote angepachagua kwa sababu zake mwenyewe. Akamimina ramu chini, akaomba radhi kwa wenye ardhi, tukachimba.

Nilichimbiwa changu kwanza, nikakitumia peke yangu kwa muda kama kielelezo, jambo ambalo halikosi kuchekesha, kwa sababu kijiji kizima kilijua saa zangu. Ilipofika Januari 2018 kimbunga Ava kilipita pwani yetu, kikakiondoa kibanda chote na kubakiza shimo lililojaa maji. Niliona kazi imekwisha. Mzee alisema kwamba waliotangulia wamechukua paa na kuacha shimo, kwa hiyo shimo hawana neno nalo, na mwezi wa Mei familia tatu zikaanza kuchimba vya kwao, kila moja na mahali pake palipoulizwa upya. Nilipoondoka vilikuwa kumi na kimoja katika kijiji cha kaya sitini hivi, na ukinipa karatasi ya tathmini nitaandika kwamba lengo halikufikiwa.

Nakuongezea miiko miwili midogo iliyonifedhehesha, ili wewe ufedheheke kwa mingine. Usisimame wala kuketi mlangoni mwa nyumba yenye mjamzito, kwa maana mtoto naye atakwama mlangoni. Na usimsifu mtoto mchanga kwa uzuri, mimi nilisema “mzuri kama nini!” na bibi yake akamfunika haraka. Sisi tungesema mashallah ili kuzuia jicho, na wao humwita mtoto mbaya ili asitamaniwe, nia ikiwa ileile.

*Nichukue zawadi gani, na fedha zikoje? — Msomaji, Ndanda*

Chukua kanga. Wao wana lambahoany, kitambaa chenye pindo na methali chini kama kanga zetu, na wanawake wataifahamu zawadi hiyo bila maelezo, kisha watakutaka uwatafsirie jina. Kila unaporudi kutoka mjini, hata kama ulikwenda kwa siku moja, wataulizia voandalana, yaani tunda la njia. Mkate au peremende za kugawana zinatosha, lakini kurudi mikono mitupu ni utovu wa adabu. Fedha ni ariari. Tangu mwaka 2005 faranga ya zamani haitumiki, ila vijijini bado wengi huhesabu bei kwa faranga, na ariari moja ni faranga tano. Ukiambiwa elfu tano, uliza ni zipi kabla hujashangilia au kulalamika. Mchele hupimwa kwa kapoaka, kopo la maziwa mazito ya sukari, na makopo matatu na nusu hufanya kilo moja.

*Bi. Muuguzi, nauli yako, mafunzo yako na posho yako vingeweza kumlipa muuguzi wa Kimalagasi kwa miaka kadhaa. Kwa nini tusiseme wazi kwamba kujitolea ugenini ni faida ya anayekwenda? — Msomaji, Bujumbura*

Tuseme wazi. Faida kubwa ilikuwa yangu, na kama ningepewa fedha zile nizigawe mimi, ningewalipa wale wahudumu wawili na kumwongezea rasazy msaidizi. Lakini hakuna aliyenipa uchaguzi huo, na najua pia kwamba fedha za safari yangu, kama nisingekwenda, zingemlipia mtu mwingine safari.

Nitakueleza juma moja, ulipime mwenyewe. Kuanzia mwishoni mwa 2018 surua ilienea kisiwani kote. Kabla haijatulia mwaka uliofuata ilikuwa imewapata zaidi ya watu laki moja na kuua zaidi ya elfu moja, wengi wao wakiwa watoto ambao tayari walikuwa wamedhoofishwa na utapiamlo, katika nchi ambayo watoto wanne kati ya kumi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Chanjo ilipofika zahanati ya kwetu ilikuja na barafu ya kutosha siku chache tu, na familia nyingi zilikuwa mashambani juu. Mimi nilikuwa na daftari. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeandika, kwa sababu ya upweke zaidi kuliko kwa weledi, ni familia ipi ina shamba kilima kipi, njia yake inaanzia wapi, na ni nani mwiko wake ni Alhamisi badala ya Jumanne. Wahudumu waliijua milima hiyo kuliko mimi, lakini hawakuwa wameiandika, na rasazy, aliyehamishiwa pale kutoka mbali, hakuwa na namna ya kuipanga kwa siku tatu. Tuliketi usiku mmoja watu wanne kwa taa yangu ya sola, tukagawana njia. Chanjo walidunga wao. Mimi nilibeba kasha la barafu na kuandika majina.

Daftari lile nililiacha. Mwaka jana yule mhudumu mwanamke alinitumia ujumbe kwamba sasa ni madaftari matatu, na kwamba springi ya mizani yetu imelegea, mtoto wa kilo tisa anasoma kumi na moja. Akaniuliza kama Dar es Salaam zinapatikana. Nilizipata Kariakoo, nikanunua mbili.